Ile fremu ya sebuleni: nani aliingia, nani alikunjwa

Wasee, acha niwaulize kitu. Kwa sebule ya shosh yako, kuna picha ngapi ndani ya fremu moja?

Naongelea ile fremu kubwa. Mbao zimepakwa vanishi, kioo kina ufa kwa kona, na ndani picha kumi na mbili zimebanana kama abiria wa matatu siku ya mvua. Kuna ya harusi. Kuna ya mtoto amekalishwa ndani ya karai. Kuna ya anko akiwa na afro na suruali pana huku chini. Halafu kuna kale kapicha ka pasipoti kamechomekwa pembeni ju nafasi iliisha. Kando ya fremu kuna kalenda ya 2016 ambayo hakuna mtu ana ruhusa ya kuitoa, na picha ya rais aliyestaafu kitambo.

Nimekua nikiona hiyo fremu kila Krismasi huko Murang'a na sikuwahi kuitazama. Ilikuwa kama swichi ya stima. Unajua iko wapi, basi.

Mwaka wa 2024 shosh alikuwa anafikisha miaka 80. Mathe akanipigia simu: "Wewe si ndiye mtu wa kamera? Fanya kitu na zile picha. Ziweke kwa fremu moja mpya, kubwa, ya maana." Nikasema sawa. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na hapo katikati uache nafasi. Ya picha yako ya joho."

Kwa wale wapya hapa: mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa karo, halafu mambo mengine ambayo nishayaongelea hadi mkachoka. Mathe anajua. Alinisaidia kubeba godoro kutoka hosteli. Na bado anataka nafasi ya inchi nane kwa kumi katikati ya fremu.

Sikumjibu. Nikaenda Murang'a kuchukua mkebe.

Huo mkebe ulikuwa wa biskuti. Shosh aliuweka chini ya kitanda, umefungwa kwa leso. Nilimwaga kila kitu kwa meza nikaanza kupanga kwa miaka, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kufikia saa sita nilikuwa nimegundua kitu ambacho sikukitarajia: familia yetu inaanza 1979. Kabla ya hapo hakuna kitu. Shosh alizaliwa karibu 1944, siku yenyewe hakuna aliyeiandika, hiyo ya Desemba tulimchagulia sisi. Picha yake ya kwanza kabisa ni ndogo, nyeusi na nyeupe, uso umekazwa, na ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho. Mwanamke alikuwa na miaka thelathini na tano. Ameolewa, amezaa watoto watano, na hakuna mashine yoyote duniani ilikuwa imewahi kuhifadhi sura yake.

Rahisi ni kusema kamera hazikuwa zimefika. Zilikuwa zimefika kitambo sana. Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kupiga picha kule Paris mwaka wa 1839. Kabla miaka kumi kuisha, nahodha Mfaransa aitwaye Charles Guillain alikuwa tayari anazunguka pwani yetu na Zanzibar na kifaa hicho. Mwishoni mwa karne ya 19, Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyefanya biashara ya picha hadi jina lake likajulikana. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, William D. Young alikuwa anaifuata na kamera, na reli yenyewe ilifika mahali panapoitwa Nairobi leo mwaka wa 1899. Mwaka uliofuata kampuni ya Kodak ikatoa kamera ya Brownie, ikiuzwa dola moja huko Marekani, na watoto wa huko wakaanza kupiga mbwa wao picha.

Kwa hivyo kamera ilikuwa hapa. Swali ni ilikuwa inamtazama nani, na picha zilikuwa zinaenda kwa ukuta wa nani. Tafuta postikadi za zamani za pwani na za bara, ziko nyingi mtandaoni. Utaona wanawake wamevaa kanga, wapagazi, vijana na mikuki. Chini kumeandikwa kabila, au kazi, au jina la mji. Jina la mtu hakuna. Yule dada alisimama hapo juani akasubiri shata ifunguke, na uso wake ukatumwa Ulaya na stempu nyuma, na mjukuu wake hakuwahi kujua kuwa hiyo picha iko. Ni nyanya za watu hao. Mahali fulani kuna sebule ambayo picha yake ilistahili kuwa.

Serikali ya mkoloni nayo haikuwa na haja na sura. Kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa 1915 na kikaanza kutumika vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, kilitaka alama za vidole vya mwanamume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita, na rekodi ya mwajiri wake. Kiliwekwa kwa kikebe cha chuma, watu wakakivaa shingoni. Babake shosh alikuwa nacho. Ukiniuliza alikaa aje, sijui, lakini dole gumba lake lilikuwa na faili.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ua na mitaro. Shosh alikuwa msichana wa miaka kumi. Nyumba yao ilichomwa na wao wakiangalia. Hata kama kungekuwa na picha moja, ingebaki wapi? Nilipomuuliza alinitazama kama mtu ameuliza swali la kitoto. "Tulibeba sufuria," akasema. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Sasa hicho kitambulisho. Hata baada ya uhuru, kusajiliwa kulikuwa ni mambo ya wanaume. Ni 1978 ndipo sheria ilibadilishwa wanawake nao waandikishwe. Shosh anakumbuka hiyo siku vizuri kuliko harusi yake. Walitembea hadi kwa chifu, foleni ikazunguka uwanja, kitambaa kimetundikwa kwa ukuta, mpiga picha anapiga kelele watu wasicheke. Akaambiwa avue kitambaa cha kichwa. Akaona aibu. Zilipochapishwa, moja ikabaki, akaifunga kwa karatasi akaificha ndani ya Biblia.

Mnaona venye hiyo inabadilisha kazi yangu? Nilikuwa nimefungua programu kwa simu, nimechagua muundo, miraba kumi na mbili ya saizi moja, mipaka meupe, safi. Muundo kama huo unadhani kila mtu alipigwa picha kiasi sawa. Kwetu sio hivyo. Shosh ana picha tisa maisha yake yote. Kuna mtoto wa binamu yangu ana miezi kumi na nimehesabu picha zake mia nne kwa grupu ya familia kabla nichoke. Ukijaza miraba kwa kufuata wingi wa picha, fremu ya miaka 80 ya shosh itakuwa fremu ya huyo mtoto.

Nimesoma kidogo kuhusu hii sanaa ya kukata na kubandika, kolaji, na kuna jambo lilinichekesha. Vitabu vya sanaa hupenda kusema ilianza 1912 na Picasso na Braque wakigundisha karatasi kwa turubai. Lakini mwaka wa 1854 Mfaransa Disdéri alikuwa amesajili njia ya kupiga picha ndogo kadhaa kwa bamba moja, saizi kama ya kadi, bei ikashuka, watu wakaanza kugawiana picha kama vile sisi tunagawiana stika za WhatsApp. Miaka ya 1860 na 1870 wanawake wa Uingereza, wale wa tabaka la juu waliokuwa na muda, wakachukua mikasi. Wakakata vichwa vya shangazi na mabwana zao, wakavibandika kwa michoro ya rangi: kichwa juu ya mwili wa bata, familia nzima imekaa ndani ya uyoga. Miaka hamsini kabla ya hao majamaa wa Paris. Ila ilikuwa albamu ya nyumbani, kazi ya wanawake, kwa hivyo haikuhesabika.

Na hapa kwetu tuko na mfalme wetu wa mikasi, sijui kwa nini hatufundishwi shuleni. Omar Said Bakor wa Lamu. Alizaliwa 1932, akajifunza mwenyewe, akafungua studio yake Lamu miaka ya 1960, akaifanyia kazi hadi alipofariki 1993. Bakor hakutosheka na kukusimamisha mbele ya pazia. Alikukata. Aliweka uso wako ndani ya ua, ndani ya redio. Hakuna kompyuta, ni mikasi, gundi, chumba cha giza, na kupiga picha upya ile kitu amebandika hadi mishono isionekane. Mteja aliondoka na picha yake akiwa mahali ambapo hajawahi kuwa, na kila mtu Lamu alijua hajawahi kuwa hapo, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Hii ikanirudisha kwa guka.

Guka alifanya kazi ya ghala Mombasa miaka mingi, akirudi nyumbani Krismasi na Pasaka. Picha tuliyo nayo ya maana ni moja, nyuma imeandikwa 1992 kwa kalamu. Amesimama wima, suti imempita mabega, na nyuma yake kuna ndege. Sio ndege ya kweli. Ni ya kuchorwa, ina madirisha kumi na moja upande mmoja na mrengo umepinda. Hiyo ni kazi ya wapiga picha wa feri ya Likoni. Miaka hiyo walikuwa wameweka vibanda vya studio karibu na kivuko, na nyuma wamechora meli, ndege, maghorofa, maua ya plastiki yakining'inia. Wateja wao wengi walikuwa watu kama guka, wametoka bara kutafuta, na picha ilikuwa ya kutuma nyumbani. Shosh alipoipokea alijua ni ubao. Guka hakuwahi kupanda ndege hadi anazikwa 2009. Lakini aliiweka kwa fremu, mbele, na watoto wa jirani wakaambiwa, huyo ni baba yenu akiwa Mombasa.

Basi cheki kilichofanyika 2009. Mnajua kwetu picha za mtu hutafutwa siku amekufa. Kamati inakaa, mtu anatumwa, kila droo inafunguliwa, ndio kijitabu cha mazishi kipate sura mbele. Aliyetengeneza kile cha guka alikata ndege. Akaiondoa yote, akaweka rangi ya samawati na mawingu. Alidhani anamheshimu mzee, kumtoa kwa ubao wa uongo. Mimi nikiwa mtoto nilijua tu hiyo ya mawingu. Mimi ndiye nimepewa jina la guka, shosh huniita mume wake hadi leo mbele ya watu, na nilifika miaka ishirini na mbili bila kujua kuwa mwenye jina langu alijipiga picha na ndege.

Ndege imerudi. Hiyo niliamua nikiwa bado nimekaa chini na mkebe.

Kufungua fremu ya zamani ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Hadibodi ya nyuma ilikuwa imeshikwa na misumari yenye kutu, na picha tatu zilikuwa zimeng'ang'ana na kioo. Hii ni ya kukumbuka: picha ikigusa kioo miaka mingi na unyevu ukaingia, ule utando wake wa juu unakuwa gundi. Usivute. Ukivuta unaacha uso wa mtu kwa kioo. Niliziskani zikiwa hapo hapo, kioo juu, nikiwa nimekisafisha kwanza, na zilitoka poa kuliko nilivyodhani.

Kingine ni rangi. Zile za nyeusi na nyeupe, hata za studio za bei rahisi, ziko imara. Za rangi za miaka ya themanini zimegeuka wekundu kama vumbi la Murang'a. Kwa picha nyeusi na nyeupe kinachobaki kwa karatasi ni fedha, yaani madini, lakini picha ya rangi imejengwa na tabaka tatu za rangi za kemikali, na hizo hufifia kila moja kwa kasi yake. Ile ya samawati kwa nyingi za wakati huo hukimbia kwanza, hata zikiwa gizani, ndio maana kila mtu anabaki na uso wa nyanya. Binamu yangu aliniambia nizigeuze zote ziwe nyeusi na nyeupe ndio fremu ifanane. Watu wengi hufanya hivyo na mimi sikubaliani nao. Nilirekebisha kidogo tu. Ule wekundu ni tarehe. Ukiuona unajua ni miaka gani bila kuuliza.

Chini ya picha ya harusi ya anti nikapata fumbo. Kwa fremu, anti alikuwa amesimama peke yake na gauni, na kwa bega lake kulikuwa na vidole vinne vya mtu. Sisi watoto tulizoea kucheka hivyo vidole. Tulijua kuna bwana aliyeondoka, na tulidhani alikatwa na makasi. Kumbe hakukatwa. Nilipoitoa, karatasi ikafunguka. Shosh alikuwa ameikunja. Yule jamaa yuko mzima huko nyuma, anacheka, tai imeenda upande, na mkunjo umepita katikati ya mkono wake.

Nilimuuliza shosh mbona hakumkata tu. Akasema, "Ni baba ya mtoto."

Huyo mtoto ndiye binamu yangu, yule wa ushauri wa nyeusi na nyeupe. Ana miaka ishirini na nne. Nilimwonyesha, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kwani nina masikio yake." Basi. Akatoka nje akapiga simu ambayo sijui ilikuwa ya nani. Baadaye anti aliposikia alisema wazi kuwa huyo mtu hawezi kukaa kwa ukuta wa mamake, na nadhani ana haki, yeye ndiye aliishi naye. Kwa hivyo kwa fremu mpya amebaki kama alivyokuwa, bega na vidole. Lakini nilichapisha nakala nzima, isiyo na mkunjo, nikampa binamu kwa bahasha. Picha asili ilirudi mkebeni, imekunjuliwa.

Unajua fremu za wazee wetu zilijaa hivyo kwa nini? Haikuwa ushamba. Kioo kilikuwa ghali, fundi alikuwa mbali, picha zilikuja moja moja kwa miaka. Kwa hivyo unanunua fremu moja, na kila picha mpya ikifika unatoa misumari, unaichomeka juu ya nyingine, unafunga. Anayefungua fremu ndiye anaamua nani anafunikwa. Kwetu alikuwa shosh miaka arobaini. Sasa misumari nilikuwa nayo mimi.

Nilipanga hivi. Nilikata magazeti ya zamani kwa saizi za picha, nikaandika jina kwa kila karatasi, nikazipanga sakafuni ndani ya mstatili wa sentimita 60 kwa 80. Nilizisukuma siku tatu. Nilijifunza kuwa fremu inataka picha moja kubwa ya kushikilia macho, na zingine zipungue saizi zikienda pembeni, na kuwa nafasi kati ya picha ni lazima iwe sawa hata kama saizi si sawa, mimi niliacha sentimita moja na nusu. Picha zilizo na watu wanaotazama upande ziangalie ndani, ukiziweka zikiangalia nje ni kama watu wametaka kuondoka kwa sherehe. Guka na ndege yake nilimweka juu kushoto, kubwa, anatazama katikati. Mtoto wa miezi kumi alipata moja. Mamake alilalamika. Mimi mwenyewe nilipata moja, niko darasa la tatu, sina meno ya mbele.

Yangu ya chuo hata kama ningetaka sina. Simu yangu ya wakati huo ilinyakuliwa kwa dirisha la matatu na sikuwa nimehifadhi chochote popote. Miaka miwili, imeenda. Shosh ana ushahidi wa 1979 kuliko mimi niko nao wa 2022. Na mimi ndiye ati mtu wa kamera.

Katikati kulikuwa na karatasi moja ya gazeti tupu.

Binamu ndiye alileta wazo. Siku hizi kuna programu, unaipa uso wako, inakuvalisha joho, inakuwekea kofia na hata mabango ya nyuma. Dakika mbili. Alinifanyia. Wueh. Ilikuwa imetoka safi, nimesimama na karatasi imefungwa utepe mwekundu, natabasamu vile sijawahi kutabasamu. Akasema, "Si Bakor alikuwa anafanya hivi? Si guka na ndege?" Na nilikuwa sina jibu. Nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikiwatetea hao watu. Nilikaa na hiyo picha kwa simu siku nne. Nilijiambia itamfurahisha mathe. Nilijiambia ni mapambo tu.

Kisha nikamwonyesha shosh, bila kumwambia kitu. Aliishika simu mbali, kama anavyoshika Biblia, akaitazama. Akauliza, "Hii siku mimi nilivaa nguo gani?"

Nikasema hukuwa.

"Na kama sikuwa," akasema, "ni siku gani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Ubao wa Likoni ulikuwa uongo ambao familia yote ilijua, guka alimtumia mtu aliyejua mshahara wake. Yangu ingekuwa uongo kwa wageni, na wa nyumbani wangekaa chini yake kila Krismasi wakinyamaza, mathe akiwa wa kwanza. Niliifuta. Binamu alikasirika kidogo ju alikuwa ametumia kifurushi chake.

Kwa hiyo nafasi niliweka shosh. Ile ya 1979. Picha ya pasipoti ina upana wa milimita 35, na kuifikisha inchi nane si mchezo, kwa hivyo niliiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, nikapata pikseli kama 1650 za upana, zikatosha. Ukisogea karibu unaona chembechembe, na unaona pia mkwaruzo mdogo kwa shavu ambao ulikuwa kwa filamu na sikuufuta. Ukirudi nyuma hatua tatu ni yeye tu, anakutazama, hacheki, kichwa wazi.

Fundi wa fremu yuko kando ya barabara mtaani kwetu, anakata kona zake kwa msumeno wa mkono na zinakutana bila pengo. Alinichaji ngiri tatu na soo mbili pamoja na kioo. Nilimwomba aweke kadibodi nene kati ya picha na kioo ili zisigusane tena, na asigundishe kitu, zote ni nakala na zote zimeshikwa kwa pembe ndogo za karatasi. Nyuma ya kila moja niliandika majina, yote, na mahali, kwa penseli. Ya anti niliandika majina mawili.

Tuliitundika Desemba. Mathe alifika akiwa amebeba keki, akasimama mbele ya fremu na keki bado mkononi. Aliangalia katikati. Nilikuwa nimejitayarisha na hotuba nzima.

"Umegundisha?" akauliza.

"Zi. Inatoka. Zote zinatoka."

"Sawa," akasema, akapeleka keki jikoni.

Shosh naye alikuwa amesogeza kiti karibu na ukuta. Alijitazama hapo katikati, miaka thelathini na tano, kisha akaniita mume wake mbele ya watu wote, akaniambia nimeharibu, kila mtu sasa ataona hiyo blauzi, na hiyo blauzi haikuwa yake, ilikuwa ya dadake.